Kikopo Changu Kilikuwa Safi Mno

Ka-ka-ka-ka-ka. Mpaka leo nikitulia naisikia. Ni mashine ya kuzungusha vichupa, ile ya maabara yetu pale chuoni Bungoma, ikigonga meza kama mtu aliyefungiwa chooni. Mashine hiyo inataka usawa tu. Ukiweka kichupa upande huu, unaweka kingine cha uzito ule ule upande wa pili. Siku hiyo mimi niliweka vichupa vitatu vyote upande mmoja, nikafunga kifuniko, nikabonyeza. Mashine ikaanza kutembea mezani. Wenzangu wakaruka nyuma, na Salma, mwenzangu wa meza, akachomoa waya ukutani.

"Nekesa! Kwani leo uko wapi? Umelala?"

Sikuwa nimelala. Nilikuwa natetemeka kwa homa, koti la maabara limelowa jasho mgongoni, na kikohozi kilichoanza na mvua za kwanza kilikuwa kimenikalia kifuani kama mpangaji aliyekataa kuhama.

Naandika haya nikiwa mzima, namshukuru Mungu na watu wengi. Sitaeleza jinsi kifua kikuu kinavyofanya kazi mwilini. Wa kueleza wapo, na mimi mwenyewe ndiyo kwanza najifunza. Nataka tu kumwandikia mtu aliye kwenye benchi sasa hivi, amevaa barakoa, ameshika kikopo mkononi na anaona aibu kukitazama. Kaa hapo. Usiondoke. Nami nilikaa hapo.

Kwanza ujue nilikotoka. Nilisoma shule ya kutwa kijijini kwetu, kunakoitwa Kwanza, upande wa Kitale, na shule yetu haikuwa na maabara. Kemia tuliisoma ubaoni. Mwalimu alichora chupa, nasi tukachora chupa. Alama zangu hazikuwa za kutangazwa kanisani, lakini zilinifikisha chuoni kusomea baiokemia, na nilipoingia maabara ya kweli nilikuwa kama mtoto aliyepelekwa sokoni mara ya kwanza. Kila kitu nataka kushika. Mwaka wa tatu tulipofika kwenye kazi za DNA, kila mmoja alitakiwa kuchagua utafiti wake mdogo. Mimi nilichagua mahindi ya Baba. Misimu miwili mfululizo yalikuwa yakikauka shambani yangali mabichi, na Baba alisimama katikati ya mistari ameshika kiuno. Nilitaka kujua kuna nini ndani ya yale majani. Nilitaka siku moja nimwambie, "Baba, adui yako ni huyu."

Somo hilo la utafiti linafundishwa mara moja kwa mwaka. Ukilikosa, unasubiri mwaka mzima, na nyumbani kwetu msichana anayesubiri mwaka mzima huwa anapewa kazi nyingine na maisha mengine.

Sasa nikuambie kosa langu, na ukitaka kucheka, cheka.

Kwenye maabara yetu, ukishasaga majani na kuyazungusha kwenye ile mashine, tope linakaa chini na maji meupe yanabaki juu. Sisi huchukua yale maji ya juu. Tope tunatupa. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Mwalimu wetu wa maabara, Madam Khisa, aliinua kichupa changu kwenye mwanga wa dirisha na kusema, "Angalieni cha Nekesa. Hivi ndivyo nataka." Mimi sifa kama hizo nilizila kama mandazi ya moto.

Baada ya ile vurugu ya mashine, Salma alinipeleka kwenye kliniki moja ndogo mjini, si mbali na msikiti wanakosali watu wa kwao. Dada wa mapokezi alinipa kikopo. "Kesho asubuhi leta makohozi." Basi. Kulikuwa na watu wengi nyuma yangu, na mimi sikuuliza. Mtu wa mwaka wa tatu baiokemia ataulizaje jinsi ya kutema?

Asubuhi nilipiga mswaki. Nikasukutua mara tatu. Kila nilipokohoa na kile kitu kizito cha manjano kikapanda, nilikitema kwenye sinki, kwa sababu hicho ni uchafu, na uchafu huharibu kipimo. Nikangoja mpaka mdomo ukatoa mate meupe, mepesi. Nikajaza kikopo. Na jamani, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikafurahi.

Majibu yakatoka kwamba hakuna kifua kikuu. Nilipewa dawa za kikohozi na vidonge vya siku saba. Nilipiga simu nyumbani nikicheka, na Pasaka nikaenda Kwanza. Siku tatu nzima nilimbeba Mercy, mtoto wa kaka yangu, wa miezi minane. Nilimlaza hapa kifuani nikamwimbia mpaka akalala. Shemeji Eunice, mama yake, aliniambia, "Anti, wewe ungekuwa unakaa hapa ningepumzika." Hayo maneno yalikuja kunichoma baadaye.

Wiki sita zikapita. Sketi ikaanza kuhitaji pini, halafu pini mbili. Shati langu la kanisani likaning'inia kama limeanikwa kwenye kamba. Ngazi za kwenda maabara, ambazo nilikuwa nikizipanda mbili mbili, nikaanza kuzipanda kwa vituo. Salma alinibebea mkoba, na kila siku aliniwekea ndizi mezani. Siku nilipokohoa nikaona damu kwenye kitambaa, nilikaa kitandani nikampigia Mama. Alifika Bungoma kabla ya saa sita, bado amevaa gambuti za shamba, akanirudisha Kwanza.

Nyumbani Baba alinitazama mara moja, akatazama ng'ombe.

"Ni zile dawa za maabara," alisema. "Nilisema mimi. Mtoto anashinda anavuta mvuke wa chupa, unatarajia nini? Hapo harudi tena."

"Baba Juma, si tungoje daktari aseme," Mama akamwambia. Juma ni kaka yangu.

"Daktari gani? Wale wa Bungoma walisema yuko sawa!"

Hospitali ya Kitale tuliyokwenda ina benchi refu la mbao nje, upande wa kliniki ya kifua, ili upepo upite. Foleni pale ni ya makalio. Wa mbele akiitwa, wote mnasonga nafasi moja. Benchi limesuguliwa na wagonjwa mpaka linang'aa. Jirani yangu alikuwa mama mmoja muuza vitunguu kutoka Kachibora, amekonda lakini mdomo mzima.

"Wewe mtoto unaogopa nini?" aliniuliza. "Mimi nina mwezi wa nne. Nilikuja hapa nikibebwa. Sasa angalia, nakuja nikigombana na makanga wa matatu."

Nilipoitwa kwenye dirisha la maabara nilipewa kikopo. Nikaenda nyuma ya jengo, nikafanya kama nilivyofanya Bungoma, nikakirudisha kikiwa kisafi. Mtu wa maabara, mwanaume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikiinua.

"Dada, hii ni mate."

"Ndiyo. Lakini ni safi."

"Safi ya nini? Kwani tunaenda harusi?" Wenzake ndani wakacheka. Yeye hakucheka. Alitoka nje kabisa, akasimama mbali kidogo na mimi, akaweka mkono juu ya tumbo lake. "Vuta pumzi mpaka huku chini. Shikilia. Halafu kohoa kutoka huku, si kwa koo. Ile kitu nzito, ile mbaya unaona haya nayo, hiyo ndiyo nataka. Ugonjwa uko huko. Kwa mate hakuna mtu."

Nilisimama pale nyuma ya jengo nimeshika kikopo kipya. Nilimwona Mercy kifuani mwangu. Nikajua Bungoma hawakukosea. Walipima nilichowapelekea.

Jioni ile ile simu ikaja. Ni TB.

Nilianza dawa siku ya pili. Miezi miwili vidonge vikubwa kila asubuhi kabla ya kula, halafu miezi minne vingine. Mwili wangu uliniletea habari mpya kila siku. Mkojo ukawa rangi ya machungwa, na hata machozi yakaniachia alama kwenye kitambaa cheupe. Mama Kachibora, kama tulivyomwita pale benchini, aliniambia, "Ukiona hiyo soda, jua dawa imeingia. Siku haitoki ndio ulie." Kichefuchefu kilikuwa kikali wiki tatu za kwanza. Magoti yaliuma kama ya nyanya. Lakini wiki ya nne niliamka nikasikia harufu ya viazi vinavyochemka na nikataka kula, nikalia kwa furaha, machozi yangu ya machungwa.

Nililala peke yangu kwenye chumba cha mbele, dirisha wazi mchana na usiku, na mwezi wa sita kule kwetu ni baridi, ukungu unashuka kutoka upande wa mlima mpaka unadhani utaingia kitandani. Mama aliniletea blanketi yake na kusema ana nyingine. Hakuwa na nyingine.

Nyumba nzima ilipimwa. Wote salama. Mercy alipewa dawa ya kumkinga, ya kunywa miezi mitatu, na kila asubuhi nilimsikia akipiga kelele akinyweshwa. Shemeji Eunice hakuniongelesha. Alipita mbele ya mlango wangu na mtoto mgongoni, uso umeelekea shambani. Sikumlaumu. Nilikuwa na siri tumboni iliyonikaba kuliko kikohozi.

Maana sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya mate. Nyumbani wote walisema kliniki ya Bungoma ndiyo iliyokosea, nami nilinyamaza. Kila Baba alipowatukana, nilivuta blanketi.

Madam Khisa alinipigia simu. "Nafasi yako nakushikia mpaka wiki ya mwisho ya mwezi wa nane. Niletee barua ya kliniki kwamba huambukizi tena. Salma ameweka majani yako kwenye friza, ameandika jina lako kubwa." Nilimwomba Baba. Akasema, "Mimi nilishamaliza hiyo maneno. Kitale kuna vyuo vya kushona. Hakuna mvuke huko." Barua ningeweza kuipata kwa dawa. Baba hakuwa na dawa.

Mwezi wa saba alikuja mnunuzi wa mahindi. Baba huweka magunia kumi ya mavuno yaliyopita, ayauze bei ikipanda. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli barazani, nimejifunga shali, barakoa usoni. Mama na Shemeji walikuwa wanachambua mboga upande wa jiko. Mnunuzi alitoa ule mkuki wake mfupi wenye mfereji, akachoma gunia ubavuni mpaka katikati, akauvuta, mahindi yakateremka kiganjani. Akayatafuna mawili. Akachoma la pili.

"Mzee, na huyu msichana?" aliuliza, akinitazama.

"Aah, hawa watu wa Bungoma walitaka kuniulia mtoto," Baba akasema. "Wanapima mtu mgonjwa ati mzima. Lakini Jumatatu mimi na Juma tunaenda huko. Yule msichana wa pale mapokezi atanieleza mbele ya watu wote."

Nilimkumbuka dada wa mapokezi. Alikuwa na umri kama wangu, na kalamu ameichomeka kwenye nywele. Nilingoja mnunuzi apakie na aondoke. Halafu nikasimama, nikashika nguzo ya baraza.

"Baba, usiende Bungoma."

"Kwa nini?"

"Kosa lilikuwa langu."

Nikasema yote. Sinki, mswaki, mate meupe, dirisha. Nikasema na habari ya Kitale, kwamba nilirudia kosa lile lile mpaka mtu wa maabara akanifundisha kukohoa kama mtoto. Nikamgeukia Shemeji Eunice. "Nilikuwa najua tangu siku ile. Mercy nilimbeba kwa sababu nilipeleka kikopo kizuri. Nisamehe."

Shemeji aliacha mboga. Akamchukua Mercy aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mama akasema, "Yesu wangu," polepole, basi.

Baba alikaa juu ya gunia lililobaki. Mimi nina jina la mama yake, kwa hivyo akiwa na furaha huniita Mama, na akiwa na hasira hataji jina kabisa. Nilingoja.

"Mama," alisema.

"Naam."

"Umemwona yule mnunuzi? Amechukua mahindi ya wapi?"

"Katikati ya gunia."

"Kwa nini asichukue ya juu? Si yako hapo, rahisi, ameyaona?"

"Kwa sababu ya juu kila mtu anaweka mazuri."

"Kila mtu!" Akapiga paja. "Hata mimi! Hata mimi nimeweka mazuri juu, na yeye anajua, na mimi najua anajua. Sasa yeye shule aliachia darasa la saba. Wewe mwaka wa tatu, koti jeupe, unawapelekea watu mahindi ya juu!"

Na Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua kofia, akajifuta macho nayo, na ndipo nikaona kwamba machozi yale hayakuwa ya kucheka peke yake. Mama naye akashikwa, "Ati akapiga na mswaki," na nikacheka mpaka nikakohoa, kikohozi kikavu, chepesi, cha mtu anayepona.

Alipotulia alisema, "Nilidhani ni maabara imekufanya mgonjwa. Kumbe ni nusu ya maabara. Umejifunza nusu." Akavaa kofia. "Wakikupa barua, rudi. Malizia ile nusu nyingine. Hapa nyumbani hakuna mtu wa kukufundisha, na mahindi yangu bado yanakauka."

Shemeji alichukua siku nne. Siku ya tano asubuhi alisimama mbele ya dirisha langu, hatua kadhaa nje, na Mercy mkononi, midomo ya mtoto ikiwa bado imeloa dawa. Akamshika kiganja kile kidogo, akakipunga. "Mwambie Anti, leo sijatapika. Mwambie, Anti, meza zako na wewe."

Nilimeza zangu. Sijawahi kumeza dawa kwa furaha namna ile.

Kipimo cha mwezi wa pili nilikifanya vizuri. Nilivuta pumzi mpaka chini, nikakohoa kutoka huko, na hata hivyo kilichotoka kilikuwa kidogo sana. Mtu wa miwani ya uzi alikitazama akasema, "Sasa umekuwa mtaalamu, na hauna kitu cha kuleta." Sista wa kliniki akaniandikia barua, akapiga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulififia. Mama Kachibora hakuwapo kwenye benchi siku hiyo. Nikashtuka, nikauliza. "Amemaliza," sista akasema. "Ametuachia vitunguu." Kweli, vilikuwa pale kwenye kona ya ofisi, mfuko mzima.

Ndugu unayesoma, mambo ninayotaka uyashike ni machache. Wakikupa kikopo, uliza. Hata kama wewe ni profesa, uliza. Peleka kile kizito, usikichague. Wakikuambia huna ugonjwa na bado unakohoa na kukonda, rudi, rudi tena. Waliokaa nawe waende wapimwe, hasa mtoto. Na utakapojisikia nafuu wiki ya nne na viazi vikanukia, usiache dawa. Mimi zangu nilimaliza wakati wa mavuno, Mercy akiwa tayari anatembea akishika kuta, mnene, hajakohoa hata mara moja. Sijui nimshukuru Mungu kwa maneno gani. Namshukuru tu.

Lakini nikikumbuka siku niliyopona, sikumbuki ile ya kidonge cha mwisho. Nakumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa nane, Bungoma. Nilikuwa nimempa Madam Khisa barua, akaisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akanishika bega. Salma alinikumbatia mlangoni mwa maabara mpaka hijabu yake ikateleza.

"Niaje, mgonjwa! Umenenepa, bana. Nilikuwa nadhani nitarudishiwa fimbo."

"Twende ndani basi."

"Saa hii? Ni Ijumaa, naenda kusali. Ningoje saa nane tuanze pamoja. Usishike kitu, nakujua wewe." Akakimbia ngazi, viatu vikipiga.

Ukumbi ukabaki mtupu. Kwenye mlango wa maabara kuna karatasi, na kalamu imefungwa kwa kamba. Mtu anayetaka kufanya kazi anaandika jina, anachopima, na saa anayoingia. Karatasi ya siku hiyo ilikuwa haijaandikwa kitu. Nilisimama mbele yake kitambo, nikisikiliza kifua changu kikipanda na kushuka bila kelele. Kisha nikashika kalamu. Nikaandika: Nekesa. Majani ya mahindi, shamba la Baba, Kwanza. Saa saba na dakika kumi.

Nikafunga vifungo vya koti, nikasukuma mlango, nikaingia.